Filimbi ya Saa Kumi

Nyamitaba, mwezi wa Agosti 1999

Mwanangu mpendwa Claudette, Mama Benita,

Pokea salamu zangu za baba, pamoja na salamu za mama mkwe wako Dancille, ambaye ameketi karibu yangu akichambua maharagwe huku akiichunga kalamu yangu kwa jicho moja. Hali yako ikoje? Usingizi unapata? Kikohozi cha Ngabo kimetulia, au bado kinamwamsha alfajiri? Je, Benita bado anakataa mboga ya sombe isiyotiwa mawese? Waambie wote wawili kwamba babu yao anawasalimu mmoja mmoja, kwa jina, na si kwa pamoja kama watu wanavyosalimia kundi la mbuzi.

Sisi tu wazima kadiri wazee wanavyoweza kuwa wazima. Goti la Dancille huuma wakati wa mvua na hunyamaza wakati wa jua. Maharagwe tulivuna yale ambayo wengine hawakutuvunia. Shule imefungwa tena. Wenye silaha waliolala humo walichoma madawati, kwa hiyo nawafundisha watoto wa majirani ukutani pa jiko, kwa mkaa. Sarufi haihitaji dawati. Ng'ombe wa Dancille, yule mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, ana mimba kubwa na amekuwa mkali. Juzi alimkimbiza katekista mpaka kwenye migomba, naye katekista akasahau ghafla maneno yote ya upole anayotuhubiria.

Utaniwia radhi kwa salamu ndefu. Unaijua desturi yetu kwenye foni, redio yetu ya kuitana. Hakuna anayesema neno zito kabla ya kuuliza habari za watu wote wa nyumbani, kwa sababu taa za ndani ya mashine zikiwa baridi sauti huhamahama, na yule anayesikiliza anahitaji nafasi ya kuzungusha buto la kutafutia sauti na kukufuata mpaka utulie. Wageni hudhani tunapoteza betri. Hatupotezi kitu. Anayesalimia anapasha taa moto, na anayesalimiwa anapata mahali pa kusimama. Leo nina neno zito, kwa hiyo nimeziacha taa zipate joto.

Neno lenyewe ni hili: toka Walikale. Chukua watoto, fuatana na Mama Kyakimwa atakayekukabidhi barua hii, upite njia ya Pinga mpaka Kitshanga. Mimi nitakuwa Kitshanga nikiwasubiri. Mama Kyakimwa anarudi huko kuchukua mizigo yake ya mwisho na dada wa mumewe, kisha hatarudi tena, wala simfahamu mtu mwingine ninayeweza kumwamini kwa njia hiyo.

Najua utakataa. Ulikwisha kukataa. Mama Kyakimwa alifika kwetu miguu imevimba, akanieleza kwamba mji unabaki mtupu, kwamba mumewe Papa Philippe amefunga duka na kuondoka na jenereta iliyokuwa ikizijaza betri zako, kwamba hata masista wamekwenda. Alisema alikusihi mlangoni pako mkiwa mmesimama na watoto, nawe ukamjibu maneno haya, ambayo nayaandika jinsi alivyoyatamka, ingawa mikono yangu inawashwa kuyasahihisha: “Nikitoka, Mwalimu ataita na atakosa mutu wa kumujibu. Ule muzee namujua. Atashika fimbo yake, atakuja.”

Sikukanushi. Umenijua sawasawa. Ndiyo maana sina budi kukueleza kwa karatasi jambo ambalo foni haiwezi kulibeba. Nivumilie nianzie mbali kidogo. Mwalimu mzee hawezi kuanza somo katikati ya ubao.

Mashine yako na yangu ni mapacha. Padre Benoît alizileta hapa mimi nikiwa mwalimu kijana: moja ya kusemea, na nyingine ya kutolewa vipuri. Wakati huo zilikuwa tayari za kizamani. Kwao, alisema, watu walikwisha kuhamia mashine ndogo zisizo na taa, lakini yeye alizipenda hizi kwa sababu ukifungua mfuniko unaona kazi ikifanyika. Kila Jumapili baada ya misa alizungumza na watu wa nchi za mbali ambao hakuwahi kuwaona, nao hawakumweleza lolote ila hali ya hewa na urefu wa nyaya zao za hewani. Nilimwuliza faida ya mazungumzo hayo ni nini. Alinijibu kwamba mtu akivuka bahari kuja kukuuliza kama mvua imenyesha, hilo peke yake ni neno zuri.

Alinifundisha mambo matatu. La kwanza, subiri. Taa zile haziamki kwa amri. Washa, ukae, usali kama una la kusali, kisha ndipo uguse kitu. La pili, usishikilie filimbi. Kabla ya kusema ni lazima kuilinganisha mashine na waya wake: unaminya kitufe, mshale wa kipimo unapanda, unazungusha buto mpaka mshale uanguke, na wakati huo wote wanaokusikiliza wanasikia filimbi. Ukiishikilia filimbi kupita kiasi, zile taa mbili kubwa za nyuma zinageuka nyekundu kama makaa, na hizo zikiungua hakuna duka la kuzinunua, si Goma, si popote. La tatu, mkono mmoja mfukoni. Mashine hii inauma hata baada ya kuzimwa, kwa kuwa umeme hubaki umejificha ndani. Ukiigusa kwa mkono mmoja utapiga kelele. Ukiigusa kwa mikono miwili hutapiga. Mimi nilipiga kelele siku moja nikaangukia kiti cha kuungamia, na Padre Benoît akacheka mpaka akasahau kuniuliza kama nimeumia.

Mumeo Bienvenu, mwanangu, alilishika somo hilo la tatu kuliko yote. Alianza kunitazama nikiwa kazini akiwa bado mdogo, mkono mfukoni, na tabia hiyo haikumtoka. Hata siku tulipokuja kwenu kukuposa, alisimama mbele ya baba yako mkono mmoja mfukoni. Wajomba zako walinong'ona kwamba kijana wa Masisi ana kiburi. Nilitaka kuwaeleza habari za umeme, lakini Dancille alinikanyaga mguu.

Padre alipougua na kurudi kwao, parokia ilikuwa imepata mashine mpya ndogo kama biblia, na hakuna aliyezitaka hizi mbili. Aliniachia mimi. Ile ya vipuri niliihangaikia mpaka ikasema, na Bienvenu alipopata kazi Walikale na kukuoa wewe, akaibeba. Nakumbuka aliifunga kwa godoro lenu la arusi, na godoro likafika limechanika ilhali mashine haina hata mkwaruzo. Ulimwambia, kwa sauti ambayo wote tuliisikia, kwamba sasa umejua nani ni bibi mkubwa.

Wanaomiliki mashine za namna hii wana mambo yao ambayo wengine huyaona ni wazimu. Dancille hukausha mbegu za maboga juu ya yangu. Paka hulala hapo tangu salamu za kwanza mpaka za mwisho. Mende waliwahi kutaga ndani, nikawatoa kwa unyoya wa kuku, mkono mmoja mfukoni. Na uzee wake ndio uliotuokoa. Mwezi wa Machi walikuja watu wenye silaha kuchukua foni. Mkubwa wao aliiwasha, akaminya hapa na pale, akaipiga kofi. Kimya. Akaniambia, “Muzee, hii radio yako imekufa. Ni kabati tu.” Nikamjibu kwamba imezeeka kama mwenye nyumba. Mmoja wao akajaribu kuiinua, akaona uzito wake, akaiacha. Walikuwa hawajafika kwenye kona ya mikaratusi wakati taa zilipopata joto na sauti za wachuuzi wa Sake zikajaa nyumba nzima, wakigombana juu ya turubai lililopotea. Dancille aliirukia akaifunika kwa kanga, kana kwamba ilikuwa mtoto anayelia. Kama yule mkubwa angekuwa mtu wa subira, nisingekuwa na mashine leo, na labda nisingekuwa na nyumba.

Sasa nifike kwenye desturi nyingine, ambayo unaijua kama ninavyoijua, lakini lazima niiandike. Kwenye foni hakuna mtu anayekufa. Saa kumi alasiri vituo vyote vinasikilizana: Sake, Kitshanga, Masisi, Pinga, wachuuzi, masista, na wale wengine ambao hawajitaji majina. Hakuna anayeweza kumtupia mzazi habari ya msiba hewani, akiwa peke yake, hajaketi, hana mtu wa kumshika bega, na dunia nzima inasikiliza pumzi yake. Kwa hiyo husemwa, “Fulani ni mgonjwa sana, njooni.” Anayesikia anaelewa, na anayeelewa anafunga safari. Hapo hana hiari. Mzazi aliyeambiwa “mgonjwa sana” akabaki nyumbani, watu hawatamsalimia tena.

Mvua za masika zilikuwa zinaisha uliposema kwa mara ya kwanza kwamba Bienvenu ana koo. Naikumbuka sauti yako. Ulisema, “Baba mukwe, Papa Benita iko na koo, sauti yote imepotea. Yeye njo iko nashika mashine, mimi njo niko nasema.” Nilikupa pole. Nilikuambia umpe asali na tangawizi. Dancille alisogea karibu akamwuliza mwanawe kama anavaa koti asubuhi, nawe ukajibu kwamba anatikisa kichwa kukubali. Kituo cha Sake kikaingilia na dawa yake ya majani. Kila mtu alikuwa na dawa ya koo. Ulizipokea zote kwa shukrani.

Kesho yake saa kumi uliita tena, na keshokutwa yake. Koo lilikuwa halijapona. Nami nikaanza kumkumbusha Bienvenu kazi ya mashine, kana kwamba ugonjwa ulikuwa umemsahaulisha. Unakumbuka nilivyosema? “Bienvenu, mwanangu, washa mapema, acha taa zishike joto kabla ya kuminya.” Siku nyingine: “Bienvenu, filimbi yako ni ndefu mno, utaziunguza zile taa za nyuma. Minya, angalia mshale, zungusha polepole, ukianguka achia.” Siku nyingine tena: “Bienvenu, mkono mmoja mfukoni.” Wewe ulijibu kila mara, “Amesikia, Baba.” Kituo cha Kitshanga kilinitania hewani. Kilisema, “Mwalimu, mutoto ni mukubwa, uko namufundisha mpaka leo? Umuache na koo yake!” Niliwajibu kwamba mwanafunzi wangu ataachwa siku atakapokosea jambo jipya. Walicheka. Nadhani nawe ulicheka kidogo, nilisikia kitu.

Claudette, mwanangu, mwanafunzi huyo ulikuwa wewe, na nilijua.

Nilijua siku ile ile ya kwanza, kabla hujafungua kinywa. Mkono wa mtu kwenye mashine hii ni kama mwandiko wake. Bienvenu alikuwa na subira. Aliacha taa zikajaa joto, kisha filimbi yake ilikuwa moja, fupi, inapanda na kukatika kama mtu anayefunga mlango kwa upole. Filimbi niliyoisikia siku ile ilipanda, ikashuka, ikarudi, ikatangatanga, kama mtu anayetafuta tundu la kufuli gizani. Na sauti yako ilihama chini ya mkono wangu, nikaifuata na buto salamu nzima, kwa kuwa mashine ilikuwa imewashwa dakika ile ile. Mtu aliyepoteza sauti hapotezi mikono. Mwanangu hangeshika mashine hivyo hata akiwa na homa. Ulisema anashika mashine yeye, na mashine yenyewe ilikuwa inanieleza kwamba hayupo.

Kisha nikaelewa kwa nini ulichagua koo. Ungalisema “mgonjwa sana”, tungalikuja. Mimi na goti la Dancille tungalishika njia ile, na unajua nani yuko kwenye njia ile. Kwa hiyo ulimwuguza mtu ambaye hayupo, ugonjwa mdogo usioua na usiopona, ili wazee wawili wabaki nyumbani kwao wakichemsha asali. Ulibeba msiba peke yako, na kila siku saa kumi ukakausha machozi na kunipa habari za kikohozi cha Ngabo. Baba yako na mama yako walikulea vizuri. Hukutuvunjia desturi. Usiruhusu mtu yeyote, wa kwenu au wa kwetu, akuambie kwamba uliivunja.

Utaniuliza kwa nini nami nilinyamaza. Ningesema nini, na vituo vyote vinasikiliza? Nilidhani nikikuambia hewani kwamba nimejua, nitakuwa nimemzika mwanangu mbele ya wachuuzi wa Sake. Na nilimhurumia Dancille, ambaye nilidhani hajui. Zaidi ya hayo, kila uliposema “anakusalimu”, kuna sehemu ya moyo wangu iliyopokea salamu hizo. Sikuona haraka ya kuzikosa. Niliona heri nikufundishe mashine, ili taa zisiungue, na ili wewe na watoto mpate sauti ya mtu kila siku.

Aliyelimaliza jambo hili ni Dancille. Siku moja baada ya foni hakuinuka kwenda jikoni. Alikaa chini karibu na mashine, bado ina joto, paka juu yake, akaniambia, “Mwalimu, mutoto wetu hajauliza habari ya ngombe yangu tangu mvua.” Nilimjibu kwamba ana koo. Akasema, “Koo njo inauma. Kichwa haiumi. Angemutuma Claudette aniulize.” Nikaanza kumshusha paka juu ya mashine. Alinitazama sana, kisha akasema, “Kumbe na weye unajua. Mimi nilikuwa naogopa kukuambia, moyo yako ni ya muzee.” Mwanangu, tulikuwa tumekaa nyumba moja, tukila sahani moja, kila mmoja akimlinda mwenzake asijue kile ambacho mwenzake anakijua. Na wewe huko ukitulinda sote wawili. Tulikuwa watu watatu tunaoshikilia mlango mmoja, na nyuma yake hakuna mtu.

Mama Kyakimwa alipofika, nilimwuliza waziwazi. Alikuwa amekataa kiti, ameketi chini, na chai aliyopewa ilikuwa inapoa mbele yake. Nilimwuliza kama mwanangu Bienvenu amekufa. Aliitazama mashine, akaitazama chai, akasema, “Mwalimu, mimi nauzishaka chumvi. Habari ya namna ile inabebwa na mwenyewe.” Sikumwuliza tena. Ni mwanamke wa adabu, na alikuwa amekwisha kunijibu.

Jinsi alivyofariki, nani aliyemfumba macho, amelala upande gani wa mji, sitaki uniandikie. Utatueleza ukiwa umefika, umeoga, umekula, na watoto wamelala. Hatujamlilia, Claudette. Kwa miezi hii yote hatujalia kwa sauti, kwa sababu majirani wangeuliza, na wachuuzi wangesikia, na habari ingekurudia wewe kwa njia isiyo ya heshima. Tumeuweka msiba wake kama mtu anavyoweka mbegu. Mwenye haki ya kuuanza ni wewe. Mkeka upo, umefagiliwa. Tunakusubiri tulie pamoja.

Kwa hiyo huna tena sababu ya kubaki pale. Ulibaki ili nisije. Siji. Nakuapia kwa ualimu wangu, ambao ndio kitu pekee ambacho hawajakichukua, kwamba sitaishika njia ya Walikale. Nitafika Kitshanga tu, na Dancille amesema atanifunga kamba nikitaka kuvuka hapo.

Sasa nisikilize kama ulivyozoea kunisikiliza. Mashine usiibebe. Bienvenu angeibeba, nawe ungemtukana, na ungekuwa na haki. Usichukue hata taa moja, hata kipande cha waya, hata kipaza sauti kwa ajili ya ukumbusho. Mtu akikutwa na kitu cha foni njiani huitwa mpelelezi, na hawamwachi aeleze. Usiifungue kuiharibu, kwa maana inauma, nami sipo kukushika. Barua hii itie motoni ukimaliza kuisoma. Vaa kama wachuuzi wengine, mbebe Ngabo mgongoni, Benita abebe kifurushi kidogo cha chumvi ili aonekane ana kazi. Mama Kyakimwa ndiye atakayesema popote mtakapoulizwa. Wewe ni mke wa shemeji yake. Mwite Dada.

Kabla ya kuondoka nataka jambo moja. Saa kumi, siku mtakayokuwa tayari, washa mashine. Betri zimedhoofika, najua. Sauti yako siku hizi inafika kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Lakini kwa filimbi moja zitatosha. Ziache taa zipate joto, hata kama Mama Kyakimwa anakuharakisha mlangoni. Kisha minya, angalia mshale, zungusha, na ukianguka achia. Usiseme neno. Usimsalimu mtu. Vituo vingine vitadhani kuna fundi anayejaribu waya wake.

Mimi nitaitambua. Filimbi yako si ile ya siku ya kwanza tena, wala si ya Bienvenu, ingawa mwanzoni nilikufundisha nikitaka iwe yake. Inaanza taratibu, inasita kidogo kabla ya kufika juu, kisha inakatika sawasawa. Ni ya kwako. Nitakujibu kwa yangu, moja, na zitakuwa zimetosha kati yangu na wewe. Kisha zima, funga mlango, nenda.

Kesho yake saa kumi nitawasha nisikilize, lakini sitaita. Nikisikia wachuuzi wa Sake na turubai lao, na Pinga, na Kitshanga, na mahali penu pakiwa kimya, nitamwambia Dancille kwamba mko njiani. Sijawahi kuomba kimya katika maisha yangu yote ya foni. Nakiomba sasa.

Nimemwuliza Dancille kama ana neno la kuongeza. Amesema nimeandika kama mtu anayesahihisha mtihani, kisha akanituma niandike hivi, bila kubadilisha: “Claudette mwanangu, ule ngombe ya doa iko karibu kuzaa. Maziwa ya kwanza ni ya batoto ya Bienvenu. Ukuje nabo.”

Wasalimu wote mtakaopishana nao njiani walio na uso wa kusalimika. Tunakuombea wewe, Benita na Ngabo, Mama Kyakimwa na wote walio pamoja naye. Mungu awape miguu myepesi na mvua ndogo.

Ni mimi baba yako, ninayesikiliza,

Mwalimu Pierre Kanyamibwa
Nyamitaba